Teke au Sauti: Mtoto Anapofundishwa Kujihami

Wiki chache zilizopita mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la tano, alimkemea konda ndani ya daladala. Ilikuwa jioni, gari limeshona, naye alikuwa amebahatika kupata siti. Konda alitaka ampishe mtu mzima. Hilo ni la kawaida kwa kila aliyewahi kupanda kwa nauli ya mwanafunzi, na binti mwenyewe angenyanyuka kama angeambiwa. Konda hakumwambia. Alimkamata mkono juu ya kiwiko, akamvuta. Binti akasimama, akamkazia macho, akasema kwa sauti iliyofika mpaka siti ya nyuma: "Niachie mkono wangu!"

Konda akaachia. Hapo ndipo gari zima lilipofungua kesi, na mshitakiwa hakuwa konda. "Watoto wa siku hizi, bure kabisa." "Anasoma shule gani huyu?" Ni mzee mmoja tu, tena kwa sauti ya chini, aliyesema kwamba hata konda naye angetumia mdomo. Haya tulisimuliwa na jirani aliyekuwamo garini, na simu yake ilifika nyumbani kabla ya binti mwenyewe.

Mpwa wangu anafundishwa karate shuleni kwao kila Jumamosi. Anayelipa ni mama yake, dada yangu, na ndiye aliyenipigia usiku ule kuniuliza amtoe au amwache. Sauti yake ilikuwa na fahari na aibu kwa pamoja. Alilipa ili mwanawe awe jasiri, sasa ujasiri umefika na mtaa mzima unamtazama yeye kama mzazi aliyeshindwa kulea. Nilimwomba anipe muda kidogo, nikaanza kusoma. Niliyoyakuta yalinibadilisha mawazo mara mbili.

Ushahidi mzito zaidi kuhusu jambo hili hautoki mbali. Umetoka Nairobi, kwenye mitaa ya mabanda, na baadhi ya waliotangulia kufundishwa kule walikuwa akina bibi. Korogocho, vikongwe waliochoka kuvamiwa na kubakwa majumbani mwao walijikusanya wakajifunza kupiga ngumi, kupiga kelele na kulenga pua. Kikundi chao kinajulikana kama Shosho Jikinge. Kutoka mitaa hiyohiyo mafunzo ya kujihami yakaingia madarasani, yakiendeshwa na shirika la Ujamaa pamoja na Wamarekani wawili, daktari Jake Sinclair na Lee Paiva, walioanzisha mpango uitwao No Means No. Ni vipindi sita vya saa mbili mbili, kimoja kwa wiki. Jumla yake ni saa 12, pungufu ya muda ambao mtoto wa darasa la saba hutumia kwenye tuisheni ya wiki moja wakati wa likizo.

Matokeo ya kwanza yaliyochapishwa mwaka 2013 yaliwahusu wasichana 522 wa sekondari. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 ya waliokuja kufundishwa walisema walikuwa wamefanyiwa shambulio la kingono ndani ya mwaka mmoja. Miezi kumi baadaye kiwango hicho kilikuwa asilimia 9.2. Wenzao waliopata somo la kawaida la stadi za maisha walibaki palepale, kwenye 24 kushuka 23. Utafiti huo ulikuwa mdogo na shule hazikupangwa kwa kura, kwa hiyo mtu ana haki ya kuutilia shaka. Lakini mwaka 2017 ulichapishwa mwingine, mkubwa na wenye masharti magumu zaidi: shule 28, wanafunzi zaidi ya 5,600, na safari hii kura ndiyo iliyoamua shule ipi ianze na ipi ingoje. Kiwango cha mwanzo kilikuwa asilimia 7.3, na mafunzo yaliteremsha hatari kwa pointi 3.7. Karibu nusu.

Kuna pingamizi la haraka: namba zote hizo zimetoka midomoni mwa wasichana wenyewe. Ni kweli, na sijui zingetoka wapi pengine. Ila utafiti ule wa 2013 ulionyesha jambo linalonifanya niziamini zaidi. Waliofundishwa walizidi kusema. Aliyefanyiwa ubaya alikuwa na uwezekano mkubwa kuliko awali wa kumwambia mtu. Mafunzo yanayofungua midomo yangetarajiwa kupandisha hesabu ya matukio yanayoripotiwa. Hesabu ilishuka.

Mpaka hapo nilikuwa tayari kumpigia dada yangu na kumwambia amwache mtoto aendelee. Kisha nikafika kwenye namba ya ujasiri.

Watafiti wa 2017 walipima pia jinsi wasichana wanavyojiamini, kwa maswali ya jumla yanayotoa alama kati ya 1 na 4. Wastani wa mwanzo ulikuwa 3.1. Baada ya mafunzo uliongezeka kwa 0.19. Nikarudia kusoma nikidhani nimeruka nukta. Hatari imepungua karibu nusu, kujiamini kumepanda kwa hatua ya kinyonga. Na ile 3.1 ya mwanzo nayo ina habari yake. Wasichana wa Nairobi walioingia mafunzoni hawakuwa viumbe waoga waliosubiri mtu aje kuwavisha moyo. Mtoto anayechota maji kwenye vichochoro vya mabanda alfajiri ana moyo tayari.

Upande wa pili wa bahari kuna picha iliyogeuzwa. Mwaka 1995, David Finkelhor na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa simu kwa watoto 2,000 wa Marekani wenye umri wa miaka 10 hadi 16, nchi ambayo shule zake zilikuwa zimekwisha kuwafundisha watoto kujikinga na uonevu na udhalilishaji kwa miaka mingi. Watoto waliopata mafunzo ya kina walijua zaidi la kufanya, walitumia walichofundishwa, na walijiona wamefaulu kujilinda kuliko wengine. Walivyojiona ni kitu kimoja. Kuhusu matukio yenyewe, haikuonekana kwamba walidhurika kidogo kuliko wasiofundishwa. Sehemu kubwa ya mafunzo yale ilikuwa ya maneno na vitabu, tofauti na ya Nairobi ambako msichana husimama, hupaza sauti na kupiga kwa mkono wake, kwa hiyo siwezi kuweka mizani moja kwa zote mbili. Hata hivyo ukiziweka pamoja unapata funzo lisilopendeza kwa mzazi anayelipia Jumamosi: ujasiri unaweza kupanda bila usalama, na usalama unaweza kupanda bila ujasiri kuongezeka sana.

Nasema halipendezi kwa sababu ujasiri ndicho kitu tunachokiona. Mtoto anarudi nyumbani kifua mbele, mkanda wa njano kiunoni, anawaonyesha wageni mateke sebuleni. Mama anafurahi. Shule inapiga picha, inaweka kwenye kalenda. Ukimuuliza yeyote anayeendesha mafunzo haya yanasaidia nini, jibu la kwanza litakuwa "yanawajengea watoto kujiamini," na hakuna anayeuliza swali la pili. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

Kama si moyo uliokuwa unakosekana Nairobi, kilichofanya kazi ndani ya saa zile 12 ni nini? Nikitazama mpangilio wa mafunzo yenyewe naona ngumi zinakuja mwisho. Kabla yake msichana hufundishwa kuzitambua dalili: mtu anayekutenga na wenzako, anayekupa zawadi na kukutaka ufiche, anayejaribu kidogo leo ili aone utasema nini. Hufundishwa kwamba anayekuja kumdhuru mara nyingi ni mtu anayejulikana. Hufundishwa kusimama, kutazama, kusema "hapana" kwa sauti isiyo na kicheko cha kuomba radhi. Kupiga ni kwa pale ambapo kila kitu kingine kimeshindikana. Kwa maneno mengine anapewa ruhusa, na ruhusa kwetu ni adimu kuliko nguvu.

Fikirini mtoto wa Kiswahili anavyoingizwa kwenye dunia ya wakubwa. Neno lake la kwanza kwa mtu mzima ni shikamoo. La pili ni naam. "Mpe mjomba mkono." "Kakae na babu." "Msalimie mgeni vizuri, usijifichefiche." Akikunja uso, anachekwa, akikataa, anafinywa pembeni. Kuna methali moja imetungwa kwa ajili yake tangu zamani, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisemi ni ya kutupwa. Mara nyingi mkuu anajua mto una kina gani. Lakini methali ile imesimama juu ya nguzo moja ambayo haikusemwa, kwamba mkuu anamtakia mema. Nguzo hiyo ikikosekana, utii uleule unaomwokoa mtoto mtoni ndio unaomfunga mdomo chumbani.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na wavulana 13 hivi kati ya 100, walikuwa wamefanyiwa tendo la ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Miongoni mwa wasichana hao, karibu nusu walisema tukio lilitokea nyumbani kwa mtu. Njiani kwenda au kutoka shule ni kama robo. Shuleni penyewe, asilimia 15. Kichaka na mtu asiyejulikana, ambavyo ndivyo tunavyowachorea watoto akilini tunapowaambia wawe makini, si mahali penye hatari kubwa kuliko sebule.

Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye mafunzo ya mateke. Teke litamsaidia kwa kijana wa kijiweni, huenda. Kwa baba wa kambo anayemlipia ada? Kwa mwalimu wa tuisheni anayesifiwa na mama kila jioni? Hapo anahitaji kitu ambacho hakifundishwi kwa mkanda wowote: ajue kwamba akisema ataaminiwa. Na hilo haliko mikononi mwake.

Ndiyo maana nikitaka kupima uzito wa hoja za wanaopinga, siyachukulii kwa uzito sana madai kwamba watoto watapigana hovyo, nitayarudia. Pingamizi zito ni kwamba tunamtwisha mtoto mzigo wa watu wazima. Ukishamfundisha kujihami, umesema kimyakimya kwamba kujihami ni kazi yake. Siku akishindwa, na atashindwa mara nyingine kwa sababu ana kilo 30 na mwenzake 80, atajiuliza alikosea wapi. Wapo wanaoganda. Mwili unakuwa kama jiwe, sauti haitoki, mikono haiinuki. Hilo huwapata hata watu wazima waliofunzwa, wala si uoga. Mwalimu wa kujihami asiyeliambia darasa lake jambo hili waziwazi, tena mapema, anampelekea mtoto aliyeganda hukumu juu ya jeraha. Nimeuliza wazazi wanne wenye watoto kwenye madarasa ya namna hii kama mwalimu amewahi kulitaja. Wote wanne walishangaa swali.

Kuna hili la fimbo pia, na hapa sitajifanya niko katikati. Kanuni za Tanzania za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Kila aliyesoma shule zetu anajua hesabu hiyo inavyoheshimiwa. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alifariki Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ingawa marufuku na mkono wa mwalimu ni vitu viwili. Utaniambia adhabu na ukatili wa kingono ni mambo tofauti, na ni kweli. Lakini kwa mtoto yote mawili yanasomwa kwenye kitabu kimoja: mwili wangu ni wa nani? Jumatatu anainamishwa mbele ya mstari na hana ruhusa ya kusema sitaki. Jumamosi, uwanja uleule, anafundishwa kupaza sauti na kusema mwili wake ni wake. Watoto si wajinga. Wanachojifunza ni kwamba somo la Jumamosi lina mipaka, na mipaka yenyewe ni kila mtu mwenye cheo.

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa lina watoto 94. Nilimweleza haya akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kila mmoja kati ya hao 94 akijua kuniambia hapana, nitamaliza silabasi lini?" Si swali la kubeza. Adabu ndiyo mashine pekee aliyopewa. Hana msaidizi, hana madawati ya kutosha, ana sauti yake na ule utii ambao watoto wametoka nao nyumbani. Ukimnyang'anya huo bila kumpa kingine umemwacha uchi. Ninapotofautiana naye ni pale anapodhani mtoto hawezi kutenganisha "sitaki kufanya hesabu" na "sitaki unishike". Watoto haohao wakati wa mapumziko wanagombania mpira wa makaratasi na wanajua kwa usahihi wa refa ipi ni rafu na ipi ni nguvu halali. Hawashindwi na tofauti ya aina hii. Wanaoshindwa nayo zaidi ni sisi.

Nilisema nitarudi kwenye ugomvi. Hofu ya kwamba karate inazalisha wababe ina msingi, ila inategemea karate ipi. Nchini Norway, Endresen na Olweus walifuatilia wavulana waliokuwa wakishiriki ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya mapigano ya Mashariki, wakachapisha mwaka 2005 kwamba ushiriki huo uliendana na kuongezeka kwa utukutu hata nje ya ukumbi. Kabla yao, mwaka 1986, Mmarekani Michael Trulson alikuwa amechapisha jaribio dogo lakini la kuvutia. Aliwachukua vijana watukutu wa umri wa sekondari, akawagawa. Kundi moja likafundishwa taekwondo ya jadi yenye heshima, tafakuri na falsafa yake. Jingine likafundishwa mapigano matupu. Baada ya miezi sita lile la kwanza lilikuwa limepoa, la pili limezidi ukali. Vijana wenyewe walikuwa 34 tu, kwa hiyo sitajenga nyumba juu yake. Lakini kila aliyekaa kwenye ukumbi wa mazoezi amewaona watu hawa wawili: sensei, yaani mwalimu wa karate, anayeanza kwa kuwafanya watoto wafagie sakafu, na yule anayeanza kwa kuwaonyesha video za watu wakizirai.

Kuna kitendawili ndani yake. Karate ilipoingizwa shuleni kwa mara ya kwanza, huko Okinawa mwaka 1901, aliyeiingiza, Anko Itosu, aliilainisha: mbinu za hatari zikawekwa kando, watoto wakapangwa mistari, mazoezi yakawa kama gwaride. Lengo lilikuwa mwili wenye afya na raia mtiifu. Karate ya shule, basi, ilitengenezwa tangu mwanzo iwe shule ya kutii. Mtoto anainama akiingia, anainama akitoka, anaitikia kwa pamoja, hamhoji sensei. Utii huo ndio unaomzuia asiwe mbabe kwa wenzake, na ni utii huohuo usiomfundisha hata kidogo kumkatalia mkubwa. Tunaununua mchezo huu tukitaka mambo mawili yanayovutana, na mara nyingi tunaletewa moja.

Kwetu historia yake si fupi kama wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianzisha karate ya Goju-ryu Dar es Salaam, katika shule ya Zanaki, na mahali hapo pakaitwa Hekalu la Kujilinda. Zanzibar nayo imekuwa na judo kwa miongo, kazi ya Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Na kabla ya wote hao Lamu ilikuwa na kirumbizi, vijana wakichezeana fimbo kwa ngoma na zumari mbele ya watu, kila pigo lina adabu yake. Anayesema kumfundisha mtoto kujikinga ni jambo geni limeletwa na mashirika, amesahau mengi. Mtaala wa shule za msingi Tanzania uliwahi hata kuwa na somo lililoitwa Haiba na Michezo. Jina lile lilijua kitu, ingawa vipindi vyake viliishia kuazimwa na hisabati.

Suala la mwili kuumia halipati nafasi kwenye vipeperushi, kwa hiyo nalipa hapa. Japani ilipofanya michezo ya jadi ya mapigano kuwa ya lazima katika shule za kati mwaka 2012, wazazi wengi walipinga, na walikuwa na sababu. Katika kipindi kisichozidi miaka 30 kabla ya hapo, zaidi ya wanafunzi 100 walikuwa wamekufa kwenye judo ya shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa, wengi wakiwa wanaoanza. Na hiyo ni nchi yenye tatami, mikeka ya kuangukia, kila ukumbi. Sisi tuna sakafu ya saruji na vumbi la mstarini. Mtoto asirushwe chini pale, hata kwa bahati mbaya. Mafunzo ya Nairobi yanaonyesha kwamba hakuna haja: mengi yake hufanyika kwa miguu miwili na koo moja.

Wavulana nimewaacha mwisho, kama wanavyoachwa na karibu kila mpango. Nairobi waliwapa darasa lao, la kuvunja uongo wanaolishwa kuhusu wasichana na la kuwafundisha kuingilia kati wanapoona mwenzao anadhalilishwa. Kama ningekuwa na bajeti ya darasa moja tu katika shule ya mchanganyiko, nadhani ningesita kabla ya kuamua nianze na nani. Na wale 13 kati ya 100 nao wanahitaji ruhusa ya kusema, pengine zaidi, kwa sababu mvulana aliyeguswa hana hata neno la kulieleza ambalo halitamchekesha msikilizaji.

Basi nikampigia dada. Nilimwambia amwache mtoto aendelee, ila kwanza aende mwenyewe Jumamosi akamuulize mwalimu maswali matatu. Mtoto akipatwa na jambo anamwambia nani hapo shuleni, kwa jina, na huyo mtu akiambiwa anafanya nini? Watoto wanaijua namba 116, simu ya msaada kwa watoto, na dawati la jinsia na watoto la polisi, au hiyo ni ya bango la ofisini tu? Na la tatu: mtoto akikukatalia wewe, mwalimu, itakuwaje?

Alikwenda. Mwalimu ni kijana mpole, mkanda mweusi umechakaa mpaka umekuwa kijivu. La kwanza alimtaja mwalimu wa malezi bila kusita. La pili alisema atalifanyia kazi. La tatu alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema hajawahi kuulizwa.

Jumamosi iliyofuata hakuanza na mateke. Aliwapanga mstari, akamwita mmoja mmoja mbele, akamnyooshea mkono wa salamu. Zoezi lilikuwa kumwambia, "Sitaki, mwalimu," na kubaki umesimama wima. Mpwa wangu, aliyemkemea konda mbele ya gari zima, alilirudia mara tatu. Mara ya kwanza alisema sitaki huku anampa mkono.